Taa ya pistoni na konrodi: waya upite wapi, na je, inaua kweli?

Swali limetoka kwa fundi wa pikipiki wa Busia, upande wa Uganda. Konrodi anayoitaja ni fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na krenkshafti, mhimili wa injini unaozunguka:

"Habari, fundi. Hapa gereji nina konrodi na pistoni za Hiace ya dizeli iliyovunja injini, diski ya breki iliyochakaa, na gia za pikipiki za Boxer zimejaa sanduku. Nataka kuunda taa ya mezani. Ya kwanza niiweke kwangu, zikipendeza niwauzie wenye hoteli Jinja. Nimekwama kwenye waya: nitoboe konrodi katikati au nifanyeje? Halafu naweza kuichomelea yote ikawa kitu kimoja? Jirani anasema taa ya chuma nikiichomeka kwenye Yaka, huu umeme wa mita ya kulipia kabla, itaniua. Kwangu ni muzigo, chumba kimoja cha kupanga, soketi ni moja tu."

Fundi, nianze na jirani, maana hoja yake ndiyo itakayoamua waya upite wapi. Anasema kweli, ila hajamaliza.

Umeme wa nyumbani hapa kwetu ni volti 240. Kwenye taa ya plastiki, waya ukichubuka kwa ndani unakutana na plastiki, mambo yanaishia hapo. Kwenye taa yako utakutana na alumini ya pistoni, na pa kuchubukia ni pengi: ukingo wa tundu ulilotoboa, kona ya konrodi, chini ya diski pale taa inapoburutwa mezani. Waya wa moto ukigusa pistoni, taa nzima inabeba volti 240 na bado inawaka vizuri tu. Hakuna moshi, hakuna kinachokatika. Inamngoja mtu atoke kuoga, akanyage sakafu ya saruji na miguu mibichi, aishike.

Dawa yake inajulikana: waya wa tatu, wa kijani na njano, uliokazwa kwenye chuma cha taa na kuendelea hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini nje ya nyumba. Moto ukigusa pistoni, umeme unapata njia ya kwenda ardhini, na swichi ya kinga inayohisi umeme unaovuja inakata. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi za kupanga waya huo haupo. Soketi ina matundu matatu ukutani, lakini nyuma ya lile la juu hakuna kitu. Mwenye nyumba alivuta waya mbili kutoka chumba hadi chumba, akafunika na plasta.

Kuna ujanja ambao utausikia, nao usiukubali hata kidogo: kuchukua kipande cha waya, kuunganisha nyutro (waya unaorudisha umeme) na ile pini ya ardhi ndani ya soketi, halafu kusema "sasa ina athi". Siku nyutro itakapokatika au kulegea huko nje, chuma cha kila kitu kilichochomekwa hapo kitapanda hadi volti 240, na hata waya wowote usiwe umechubuka. Bora soketi isiyo na athi kabisa kuliko hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa taa ya kwako mwenyewe ni huu: iunde ya volti 12. Wewe ni fundi wa pikipiki, volti 12 ndiyo kazi yako ya kila siku, na ukigusa volti 12 kwa mkono hutatikisika. Balbu za LED za volti 12 zenye kitako cha skrubu kama balbu za kawaida zinauzwa kwenye maduka ya sola. Wati 5 zinatosha meza ya kulia au ya kusomea. Umeme wake unaweza kuupata kwa njia mbili, na taa moja inaweza kutumia zote.

Ya kwanza ni adapta ya ruta au dikoda iliyokufa, iliyoandikwa volti 12 na ampea 1. Hiyo inatoa hadi wati 12, zaidi ya mara mbili ya unachohitaji. Itazame kwenye lebo: pawe na alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ina kinga mbili na haihitaji waya wa ardhi. Chukua iliyokuja na kifaa chenyewe, si hizi nyepesi kama ganda la karanga zinazouzwa peke yake barabarani. Volti 240 zinabaki ukutani ndani ya adapta, taa inapata 12 tu, na Yaka inaendelea kutumika.

Ya pili ni betri. Usitumie ya pikipiki iliyochoka. Ile imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kustati, haipendi kunyonywa polepole usiku kucha. Tafuta ya kufungwa ya volti 12, ampea-saa 7, kama zile za kengele za usalama. Zidisha 12 kwa 7 unapata wati-saa 84. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, una kama 42, na balbu ya wati 5 itakuwakia saa nane. Paneli ya wati 20 na kontrola yake vitaijaza tena mchana wenye jua la kawaida.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Weka fyuzi ya ampea 1 au 2 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Volti 12 hazikuui, lakini betri ikipigwa shoti inauchoma waya hadi ukawasha kitambaa cha meza. La pili: taa ya volti 12 isifungwe plagi ya pini tatu, hata kwa muda. Mtoto au mgeni ataiona plagi, ataiona soketi, na balbu itapasuka usoni mwake. Weka kiunganishi cha duara kama cha adapta yenyewe, ili kisiweze kuingia popote pengine.

Halafu kuna tabia ya gereji ambayo itabidi uiache mlangoni. Kwenye pikipiki tumezoea fremu ndiyo hasi: unavuta waya mmoja wa chanya, unaurudisha kupitia chuma. Kwenye taa hii vuta waya mbili kamili, chuma chenyewe kisibebe chochote. Pistoni ni alumini, konrodi ni chuma, na maungio yake yana kutu, rangi na mabaki ya oili, kwa hiyo taa itapepesa kila ukiigusa. Tena chuma kikiwa hakina kazi ya umeme, chanya ikichubuka mahali haitapiga shoti papo hapo.

Sasa konrodi. Usiitoboe kwa urefu. Ni chuma cha kufuliwa, kigumu, na biti ndefu itapinda na kutokea ubavuni kabla hujafika katikati. Itazame vizuri kwanza: shina lake lina mfereji kila upande, kwa sababu limeundwa kwa umbo la herufi I ili liwe jepesi bila kupoteza nguvu. Waya mwembamba wa volti 12 unalala ndani ya mfereji huo kana kwamba kiwanda kiliuchonga kwa kazi hiyo. Mfereji mmoja waachie watu wauone, mwingine uelekee ukutani na ubebe waya. Ushike kwa gundi ya epoksi nukta tatu nne. Usiumwagie gundi urefu wote, maana siku ya kuubadilisha utajuta.

Una bahati kwamba konrodi ni ya Hiace. Ya Boxer ina kichwa kikubwa kizima, pete isiyofunguka, kwa kuwa krenkshafti ndiyo inayotenganishwa kwa presi. Ya gari inafunguka. Toa kofia yake, weka kando beringi zile nyembamba. Kinachobaki ni nusu duara yenye nyayo mbili bapa, na kwenye injini nyingi za Toyota za zamani kila unyayo una bolti iliyopigwa humo humo na inachomoza. Simamisha konrodi juu ya nyayo hizo. Miguu miwili na bolti mbili zinazoelekea chini: hapo huna haja ya kuchomelea. Toboa matundu mawili kwenye bamba la chuma la milimita 5, pitisha bolti, kaza nati zake zile zile kwa chini. Itasimama wima kuliko utakavyoweza kuchomelea kwa macho.

Bamba ni la lazima, kwa sababu diski ya breki ina tundu kubwa katikati la kukalia habu na bolti za konrodi zitaangukia hewani. Likate duara, lifunge juu ya diski kwa bolti kupitia matundu ya magurudumu. Diski iweke sehemu iliyoinuka ikiwa juu. Chini yake kunabaki uwazi kama wa sufuria iliyofudikizwa, na humo ndimo nati, fundo la waya na swichi ndogo vitajificha. Kwenye ukingo wa chini kata pengo la waya kutokea, au bandika miguu ya mpira inayoinua diski, la sivyo uzito wote utaukalia waya. Mimi napenda miguu ya mpira, maana inaokoa na meza.

Kuchomelea ulikouliza, jibu fupi ni hapana. Pistoni ni alumini na haishikani na chuma kwa mashine ya welding ya vijiti. Diski ni chuma cha kumimina. Ukiichomelea ikiwa baridi itapasuka kando ya mshono, pengine usiku ukiwa umelala. Bolti zinafunguka pia, na taa inayofunguka inatengenezeka.

Pistoni ndiyo sehemu itakayokusumbua. Ya injini ya Hiace iitwayo 2L ina upana wa milimita 92, inatosha sana kubeba holda ya balbu. Ukiivaa kichwani mwa konrodi kwa pini yake, uso ukitazama juu, utagundua mawili. Kwanza inabembea. Watu wengine hupenda hivyo, wanasema taa inainama. Lakini kila kubembea kunaukunja waya mahali pale pale, na waya unaokunjwa hukatika. Ikaze: sukuma washa (pete bapa za chuma) pande zote mbili za kichwa kidogo cha konrodi hadi zibane, kisha tia epoksi. Pili, chini ya uso wa pistoni nafasi ni finyu, kwani kichwa cha konrodi kiko karibu sana. Ukitoboa katikati kabisa, waya utashuka na kugonga chuma, ukunje kona ya ghafla. Sogeza tundu kando kidogo, sentimita moja na nusu hivi, au uache katikati na upunguze kidogo kichwa cha konrodi kwa grainda. Mimi huchagua kusogeza, na holda ikiwa kando haionekani kosa. Watu hudhani ni mtindo.

Nyuzi za holda nyingi za skrubu zenye asili ya Ulaya ni milimita 10 kwa hatua ya milimita 1. Hiyo ndiyo saizi ya nati za bomba la breki kwenye magari mengi ya Kijapani, kwa hiyo usikimbilie kununua tepu, kile chuma cha kuchongea nyuzi ndani ya tundu: muulize fundi breki jirani, ataitoa sandukuni. Toboa kwa biti ya milimita 3, kisha 6, malizia 9, kisha piga tepu. Alumini hupenda kunata kwenye biti. Idondoshee mafuta ya taa, irudishe nyuma tepu kila nusu mzunguko. Uso wa pistoni ya dizeli ni mnene, nyuzi zitashika. Ukifanya taa nyingine kwa pistoni ya Boxer, upana wake ni kama sentimita 5 na uso ni mwembamba, basi toboa milimita 10 moja kwa moja na ubane kwa nati kutoka ndani. Kwa vyovyote, ukingo wa tundu uparuze hadi kidole kipite bila kukwaruzika, na uvalishe waya mpira wa kukinga. Na chini ya diski funga fundo au klipu, ili mtu akiuvuta waya nguvu iishie hapo, isifike kwenye holda.

Kabla ya yote hayo, osha. Oili chakavu ina sumu zinazohusishwa na saratani ya ngozi, vaa glavu. Usioshe kwa petroli. Dizeli nje mahali penye hewa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ya waya kwa makaa ya juu ya pistoni. Kuna wanaosifia soda kali ya kutengenezea sabuni. Kwa diski na konrodi sawa, kwa pistoni usithubutu: soda inaila alumini, inachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Diski ikishakauka ipake vanishi siku hiyo hiyo. Hewa ya Busia wakati wa mvua itaivika kutu kabla ya asubuhi.

Kwa kuwa najua taa ya pili utataka iwe na mbwembwe zaidi, yako machache ya kuyaacha kwenye lundo. Shokapu inavutia kama nguzo ya taa, lakini nyingi zina gesi iliyoshindiliwa pamoja na oili. Usiitoboe wala kuichomelea. Sahani za klachi na pedi kuukuu zinaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo usizisugue wala kuzipulizia kompresa. Na valvu za egzosti za baadhi ya injini zenye nguvu huwa na shina la mvungu lililojazwa sodiamu, madini yanayolipuka yakikutana na maji. Valvu itumie nzima, kama pambo, usiikate. Gia za Boxer hazina neno lolote. Zipange kama vitufe, moja iwe kizungushio cha swichi.

Hizo za kuuza Jinja ni habari nyingine. Mwenye hoteli hatataka adapta ya ruta ining'inie mezani, atataka plagi, na pengine jengo lake lina waya wa ardhi. Pengine. Mwambie kabla hujapokea pesa kwamba soketi zikaguliwe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, na bodi yake iwe na swichi ya kinga ya miliampea 30. Taa yenyewe ifunge waya wa nyuzi tatu, wa milimita za mraba 0.75. Ule hautalala vizuri ndani ya mfereji wa konrodi kwa vile ni mnene zaidi. Upandishe ndani ya bomba jembamba la shaba nyuma ya shina, inapendeza pia. Kwenye holda ya skrubu, waya wa moto uende kwenye ncha ya katikati, nyutro kwenye ganda la nyuzi. Ukizigeuza, anayebadilisha balbu atashika ganda lenye moto. Swichi ikate waya wa moto. Ndani ya plagi toa fyuzi ya ampea 13 inayokuja nayo, weka ya 3.

Waya wa ardhi usiuzungushie tu kwenye bolti. Ufunge kwa kichwa cha pete na washa ya meno, mahali ulipokwangua hadi chuma kikang'aa. Na hapa ndipo taa nyingi za namna hii zinapodanganya: epoksi haipitishi umeme, vanishi haipitishi, rangi haipitishi. Unaweza kuwa umeifunga diski ardhini vizuri, lakini pistoni, ambayo ndiyo yenye holda, imeelea juu ya gundi bila kuunganishwa na kitu. Kila kipande cha chuma kinachoweza kuguswa kipimwe. Multimita kwenye omu, gusanisha kwanza vijiti vyake uone vyenyewe vinasoma ngapi, kisha kijiti kimoja kwenye pini ndefu ya plagi, kingine kwenye pistoni, kwenye konrodi, kwenye diski. Ukitoa ile ya vijiti, usomaji usizidi nusu omu. Ukizidi, vuta waya wa ardhi wa ziada ndani kwa ndani hadi kipande hicho.

Mwisho ipime kwa kuinamisha. Kipimo kinachotumika viwandani kwa taa za mezani ni nyuzi 6 za mwinamo. Chukua mbao ya mita moja, inua upande mmoja sentimita 10 na nusu, weka taa juu yake, izungushe pande zote, isianguke. Kwa nyumba yenye watoto mimi huinua hadi sentimita 25. Kwa diski ya gari chini hutapata shida, ila ukijaribu kubana nafasi kwa kutumia gia ya Boxer kama kitako, konrodi ya Hiace itaiangusha mara moja.

Balbu chagua ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 2700K, ukiipata. Zile nyeupe za 6500K zinaifanya alumini ionekane kama vifaa vya zahanati. Na iache wazi. Ukiifunika kwa mkebe au chujio la hewa lisilo na matundu, joto litakaa humo na LED itakufa mapema.